Sayari Inayofuka

Hakupenda kuitwa Madam. Katika shule yetu kila mwalimu wa kike aliitwa Madam, na wanafunzi walilivuta neno hilo mpaka likawa wimbo: madam, madam, madam, kutoka mlangoni hadi ubaoni. Yeye aliwatazama juu ya miwani yake, akangoja wanyamaze, kisha akasema, "Lipo neno. Litafuteni." Walipolipata akaitika. Kwa hiyo katika miaka yote niliyofundisha naye pale Kinoo nilimwita Mwalimu tu, na mpaka leo mtu akiita "Mwalimu!" barabarani mimi hugeuka, si kwa kudhani naitwa mimi, bali kumtafuta yeye.

Yeye alifundisha Kiswahili, mimi Fizikia. Nilikuwa nimetoka Machakos, kazi yangu ya kwanza, suruali bado ina mikunjo ya dukani. Siku niliyoingia ofisi ya walimu nilimkuta peke yake, nikamuuliza, "Samahani, hii kiti ni ya nani?"

"Kiti hiki ni cha nani," akasema bila kuinua kichwa. "Ni chako. Kaa."

Ndivyo tulivyojuana.

Alisahihisha watu kama wengine wanavyosalimia, bila chuki na bila kujua kwamba anafanya. Alimsahihisha askari wa benki aliyetaka "mkoba ifunguliwe", naye askari akasema asante. Kanisani, matangazo yakisomwa, ungesikia sauti yake ya chini ikitembea nyuma ya sauti ya msomaji: watoto wataenda kwa darasa yao, *darasani mwao*, wamama watabaki, *akina mama*. Mwenzetu wa Hisabati alikuwa akisema kwamba siku ya kiyama Mwalimu atamrekebisha malaika mwenye tarumbeta, na malaika atarudia.

Lakini mtu huyo huyo, akifika kwa mama aliyechoma mahindi kando ya Waiyaki Way, aligeuka kabisa.

"Niaje mathe?" mama akamsalimu.

"Poa sana, mrembo. Leo kuna yenye imeiva but si ngumu?"

Mara ya kwanza kumsikia nilisimama nikashika kiuno. Aliniona. "Pale ni kwake," akasema tulipokuwa tukiondoka, akipuliza hindi lake. "Nikienda kwa mtu nakula alichopika."

Alikaa Uthiru, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kanisa, na alikuja shuleni kwa miguu, mwavuli mkononi, jua au mvua. Alipenda chai ya moto isiyonyweka na mtu mwingine. Alichukia haraka. Mwanafunzi akianza kusoma insha mbio mbio, alimwambia, "Sentensi haina haraka, ni wewe mwenye haraka," na maskini yule angeanza upya. Aliwafanya watu waanze upya mara nyingi. Wengi wetu tulimpenda kwa hilo. Hatukuwaza kwamba inawezekana mtu asirudi kuanza upya, akaondoka tu.

Alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume. Majirani wa Uthiru walimwita Mwalimu kwa jina la huyo mtoto, Mama Fulani, na hilo pekee ndilo jina jingine aliloliitikia bila kukunja uso. Kijana alikuwa ng'ambo akisomea shahada ya uzamifu katika elimu ya nyota. Ukimuuliza Mwalimu habari zake, alijibu, "Yuko huko, anahesabu nyota," kwa sauti ya mtu ambaye mwanawe ameacha kazi akajiunga na bendi. Alitaka awe mhandisi. Kule kwao magharibi, kwenye ukoo wao, alitazamiwa arudi ajenge kitu ambacho watu wanaweza kukigusa.

Hakurudi hivyo. Alipatwa na homa ya uti wa mgongo huko huko, akaumwa kichwa siku chache tu, akafa. Habari ilimfikia Mwalimu akiwa anasimamia mtihani. Mwalimu mkuu alimwita nje, na sisi tuliokuwa darasa la jirani tukamwona kupitia dirishani akisikiliza, akitikisa kichwa polepole kama anayekataa kitu dukani, kisha akarudi ndani na kusimamia mtihani mpaka mwisho. Alikusanya karatasi zote. Alizipanga. Ndipo akakaa chini.

Tulikwenda kumzika kijana kwa basi la shule, mwendo wa mchana kutwa. Mwalimu hakulia mbele yetu. Alishika mikono ya watu mmoja mmoja na kuwashukuru kwa kuja. Tuliporudi Nairobi, majirani wa Uthiru hawakujua wamwite nani. Wengine waliendelea na lile jina la mwanawe wakiogopa, wengine wakalimeza wakasema "Mama" peke yake. Aliniambia baadaye kwamba hilo la pili ndilo lililouma zaidi.

Nasi shuleni tuligundua jambo jingine. Alikuwa ameacha kusahihisha. Insha za wanafunzi alizipigia alama kama kawaida, lakini mdomo wake ulikuwa umefungwa. Mwalimu mkuu alisema mbele ya gwaride "nidhamu yenu umeshuka", nasi sote tukamgeukia Mwalimu, tukingoja. Alikuwa akitazama mwavuli wake. Mimi nilijaribu kumchokoza. Nilimwambia, "Mwalimu, kalamu yangu amepotea." Akafungua mkoba, akanipa yake.

Ilipita nusu ya muhula. Alasiri moja wanafunzi wamekwisha kwenda viwanjani, akaingia maabara akiwa amekumbatia kitabu kinene chenye jalada la buluu. Ilikuwa tasnifu ya mwanawe. Chuo kilikuwa kimeituma pamoja na nguo zake.

"Nisomee," akasema.

"Mwalimu, si unajua Kiingereza kuliko mimi."

"Maneno nayajua. Sijui anasema nini."

Nikavuta stuli mbili. Nilikuwa najua Fizikia ya kufundishia mtihani, si ya vitabu kama hivyo, na ilinibidi nami niende kusoma upya. Lakini tulianza. Nilimwambia kwamba kuna sayari nyingi mno zinazozunguka nyota nyingine, na kwamba baadhi yake zimekaa karibu sana na nyota zao, karibu kuliko sayari yoyote inavyokaa na jua letu, mwaka wao mzima ni siku chache. Mwanawe alishughulikia hizo. Alitaka kujua hewa inayozizunguka huenda wapi.

"Kwani inakwenda?"

"Inakwenda. Nyota inatoa mionzi mikali, inapasha joto hewa ya juu kabisa ya sayari. Ikipata joto inatanuka. Zile gesi nyepesi, hasa haidrojeni, zinapata mwendo mkubwa kushinda uzito wa sayari unaozivuta chini. Basi zinatiririka kwenda nje, na upepo wa nyota unazichukua."

"Na sayari haiwezi kuzishika?"

"Iliyo kubwa sana inaweza. Inapoteza kidogo tu maisha yake yote. Zile ndogo kidogo zinaweza kupoteza yote, ikabaki jiwe la ndani. Ndiyo maana wakipima sayari za karibu na nyota wanakuta zenye hewa nene, wanakuta mawe matupu, lakini za ukubwa wa katikati ni chache. Haziwezi kukaa katikati muda mrefu."

Akaandika. Kisha akauliza inatokea lini, mwishoni?

"Hapana, mwanzoni. Nyota ikiwa changa ndipo inapokuwa kali zaidi. Sehemu kubwa inapotea sayari ikiwa bado changa."

Aliiweka kalamu chini. Nilijua nimesema nini, nikatamani kulirudisha neno. Lakini alipoinua uso alikuwa amekasirika, tena kwa namna niliyoizoea, ile ya ubaoni.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Sayari ni sayari. Sitaki mtu aifanye kuwa kitu kingine. Endelea."

Msimamo huo hakuuacha. Mchungaji wake alipopata habari kwamba anasoma mambo ya sayari, alimwomba azungumze na vijana wa kanisa. Nilikwenda kumsikiliza. Alieleza vizuri kuliko mimi: jinsi nyota inavyofifia kidogo sayari ikipita mbele yake, jinsi katika rangi fulani ya mwanga inavyofifia zaidi kwa sababu gesi imetapakaa kandokando, na jinsi ufifiaji unavyoendelea hata sayari ikiisha kupita, kwa kuwa nyuma yake kuna mkia wa hewa yake mwenyewe. Vijana walitulia kabisa. Alipomaliza mchungaji akainuka, akapangusa jasho, akasema, "Mnaona, wapendwa? Ukikaa karibu mno na anasa za dunia, utavuliwa kila kitu!"

Mwalimu alikuwa ameshakaa. Akasimama tena. "Mchungaji," akasema kwa heshima, "sayari haikutenda dhambi."

Kanisa zima lilicheka, mchungaji naye akacheka. Yeye hakucheka.

Sababu ya kuisoma tasnifu hiyo aliniambia siku ambayo tulikwama. Mvua ilikuwa ikipiga mabati ya maabara tukashindwa kusikilizana, tukaacha kusoma, tukakaa. Ilipopungua akaanza kusema, macho yake kwenye dirisha.

Krismasi moja kijana alikuwa amekuja likizo. Ndugu wa Mwalimu walikuwa wamejaa sebuleni Uthiru, wengine wamekaa sakafuni, na mjomba mmoja akamwambia kijana awaeleze hasa anasomea nini. Kijana akafurahi. Akaweka sahani chini.

"Kuna hii sayari," akaanza, "iko karibu sana na nyota yake, so hewa yake inaenda."

"Angahewa yake," Mwalimu akasema.

"Angahewa yake inaenda. Zile gas za juu zinapata moto..."

"Gesi. Zinapashwa joto. Hazipati moto, si wagonjwa."

Watu wakacheka. Kijana pia alicheka. Akaendelea, akirudi nyuma kidogo kila baada ya neno, akimtazama mama yake kabla ya kulitoa. Mwalimu aliniambia kwamba hata alipokuwa akimsahihisha alikuwa na furaha. Alijiona anamsaidia. Alijiona yuko darasani naye tena, akiwa mdogo, akimfundisha kusoma kwenye kitanda.

"Hiyo kitu ndio nilikuwa nataka..." kijana akasema.

"Kitu hicho ndicho nilichotaka."

Hapo akanyamaza. Hakununa. Alichukua kipande cha kuku, akakiweka kwenye sahani ya mama yake, akamwambia kwa Kiingereza kwamba ni vigumu kidogo kueleza. Kisha akamuuliza mjomba habari za mahindi yao.

"Alisema kwa Kiingereza," Mwalimu akaniambia, "ili nisipate pa kushika."

Tangu siku hiyo alipiga simu kila Jumapili, kama kawaida. Hujambo mama, sijambo, kuna baridi, nakula vizuri. Habari ya kazi yake hakuigusa tena hata mara moja, naye Mwalimu, ambaye angeweza kuuliza, aliona haya kuuliza. Alidhani muda upo.

"Hakuimaliza ile sentensi," akasema. "Alitaka nini? Kitu hicho ndicho alichotaka kufanya nini?"

Mvua ikaanza tena, na nikaishukuru.

Basi akaamua kuitafsiri tasnifu yote. Ilimchukua miaka. Alistaafu akiwa bado anaendelea, na alasiri akawa anarudi shuleni kunitafuta kwa maswali. Neno lililomsumbua kuliko yote ni lile ambalo Kiingereza huliita kutoroka. Wataalamu wanasema angahewa inatoroka. Alilikataa. "Anayetoroka ana nia," akasema, "na nyuma kuna mtu anayemtafuta." Kuvuja nako akakataa, kwa sababu kinachovuja kina tundu, na sayari haina tundu. Alimuuliza fundi wa friji wa Kinoo anaitaje gesi ikiondoka. Alimuuliza dobi. Aliniamsha siku ya Jumamosi kwa simu kuniuliza kama "kupeperuka" kunafaa, na kabla sijajibu akasema hakufai, ni kwa bendera.

Mwishowe alilipata kwa yule mama wa mahindi. Makaa yalikuwa karibu kuzimika, na mama akamwambia, "Ngoja tu mathe, bado inafuka." Mwalimu akasimama pale, hindi likapoa mkononi. Angahewa inafuka. Inatoka yenyewe, taratibu, kwa sababu ya joto, bila kosa la mtu. Alinieleza hayo huku amenishika mkono wa shati, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi niliyaona meno yake.

Kazi ilipokwisha tuliipeleka kwa mchapishaji mmoja Hurlingham. Mhariri alikuwa kijana mwenye adabu. Aliisoma kweli, hakujifanya. Alimkaribisha Mwalimu kwa mikono miwili.

"Mwalimu, Kiswahili hiki sijawahi kukiona," akasema. "Lakini lazima nikuulize. Nani atasoma?"

"Mimi nimeshasoma," Mwalimu akasema.

Mhariri akainamisha kichwa. Kisha akapendekeza wakate sehemu kubwa, watie picha, kiwe kitabu cha watoto. Mwalimu akamshukuru, akaomba muda wa kufikiri. Tulitembea barabara ya Argwings Kodhek mpaka karibu na kituo, akasimama. "Hakuwa akiwaandikia watoto," akasema. Kitabu hakikuchapishwa. Alitoa nakala kwa mashine, moja akaiweka maktaba ya shule, moja akanipa mimi, na ile ya kwanza akabaki nayo.

Mara ya mwisho kuwa naye kwa siku nzima ni mwaka jana. Alinipigia simu asubuhi akaniambia nimsindikize mjini. Mwanamke aliyekuwa akifanya kazi na mwanawe, ofisi moja, alikuwa amekuja Nairobi kwa mkutano na aliomba kumwona. Mwalimu alikuwa amepungua. Alivaa gauni lake la mazishi, kwa kuwa ndilo zuri, na alinishika mkono tulipokuwa tukivuka barabara, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

Tulikutana katika mkahawa wa ghorofani karibu na bustani ya Jevanjee. Mgeni alikuwa na umri ambao kijana angekuwa nao sasa. Alizungumza Kiingereza polepole, akigeuza kikombe chake. Alisema amekuja kwa jambo ambalo hakutaka Mwalimu alisikie kwingine. Wameipima upya ile sayari iliyokuwa kiini cha tasnifu kwa darubini kubwa zaidi. Gesi inatoka kweli, lakini ni kidogo kuliko alivyohesabu mwanawe. Sehemu ya alichokiona ilikuwa ni ukorofi wa nyota yenyewe, madoa yake na mabadiliko yake.

"Kwa hiyo alikosea," Mwalimu akasema.

"Kwa vifaa alivyokuwa navyo, mtu yeyote angeona alichokiona. Yeye mwenyewe alisema lazima ipimwe tena. Tumeandika hivyo, na jina lake lipo."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Niliogopa hilo litamvunja, lakini halikumvunja. Aliuliza maswali mazuri kuhusu madoa ya nyota, na mgeni akajibu, na kwa muda tulikuwa watu watatu tunaozungumza kazi. Nadhani mgeni naye alipumua. Akalegea, akaanza kutabasamu, akasema wanamkumbuka hasa kwa kuongea peke yake.

"Kuongea vipi?"

"Kwa lugha yenu. Jioni, tulipokuwa tukingoja kompyuta imalize. Hakuwa anahesabu, hapana. Alikuwa kama anamweleza mtu kitu. Anaanza, anakwenda kidogo, anasimama, anatikisa kichwa, anarudi mwanzo. Sentensi ile ile. Tulikuwa tunamtania."

Mwalimu aliweka kikombe chini.

"Ilikuwa lini?"

"Daima. Mpaka mwisho. Alisema anafanya mazoezi."

"Alikuwa akisema vizuri?"

Mgeni akanitazama mimi, kisha yeye. "Samahani, mama. Sijui Kiswahili."

"Jaribu. Ilikuwa inasikikaje?"

Akajaribu. Alifumba macho, akatoa sauti fulani, ya kwanza ikipanda na ya pili ikishuka, lakini hazikuwa maneno. Mwalimu alisogeza kiti, akainama mezani. "Tena," akasema. Mgeni akajaribu tena, safari hii ikatoka tofauti. "Tena, mwanangu, polepole." Mara ya tatu mgeni alikuwa na machozi. Alisema hawezi, amesahau, laiti angejua angesikiliza.

"Basi," Mwalimu akasema, akampapasa mkono. "Basi. Kunywa chai yako."

Tulimuaga mgeni mlangoni. Mwalimu alishuka ngazi akiwa wima, akatoka nje kwenye mtaa wa Muindi Mbingu, akatembea hatua chache kati ya watu wa saa ya mchana, kisha akasimama. Nikamshika kiwiko.

"Alikuwa akirudia," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Peke yake."

Ndipo akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, na hakulia kama mtu mzima anayejificha. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, barabarani, watu wakipita wakigeuka. Karibu yetu palikuwa na mzee mmoja mng'arisha viatu, na mteja amekaa kwenye kile kiti chake kirefu akisoma gazeti. Mzee alimgusa mteja gotini, akamwonyesha kwa kichwa. Mteja akashuka, kiatu kimoja kinang'aa na kingine bado.

"Mathe, kuja ukae," mzee akasema. "Kaa hapa, hakuna neno."

Tulimsaidia kupanda. Aliketi pale juu, mkoba mapajani, miguu kwenye vile vipande vya chuma vya kuwekea viatu, akalia. Mzee yule alimtazama kidogo. Akachukua kitambaa, akapiga magoti, akaanza kumfuta vumbi viatuni, kimoja, halafu kingine.